Ng'ombe wa Maboksi

Ukimuuliza Yasinta ana kuku wangapi, atakujibu, "Wapo." Ukimuuliza watoto wake ni wangapi, jibu ni lilelile: wapo, hawajambo, tunamshukuru Mungu. Pale njia panda ya Mkiwa, anakouza supu ya kuku wa kienyeji tangu barabara ikiwa ya vumbi, madereva wa malori wamemzoea na wamempa jina la Mama Wapo. Wengine humchokoza makusudi. "Mama Wapo, leo kuku wangapi?" Naye huwaambia kwamba waliochinjwa ni wanne, maana aliyekwisha kufa hesabu haimdhuru tena. Walio hai waacheni.

Watu hucheka wakidhani ni ushamba wa kwao Sepuka. Siyo ushamba. Nyumbani kwao alilelewa akijua kwamba mfugo haunyooshewi kidole ukahesabiwa. Jioni mchungaji anasimama mlangoni mwa zizi, anawatazama wanavyoingia, na jicho lenyewe linamwambia nani hayupo. Lakini hata wazee waliomfundisha hayo siku hizi wanajaza fomu za chanjo na kuhesabu mifugo yao mnadani kama makarani. Yasinta peke yake, mwanamke wa miaka arobaini na nane, ndiye aliyebaki kuushikilia mwiko kuliko wenye mwiko. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata padri.

Mwezi wa saba, upepo wa Singida ukiwa katika ukorofi wake wa kila mwaka, lori la vitunguu liliegeshwa mbele ya kibanda chake kungoja kipuri kutoka mjini. Utingo wa lori lile, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, alikaa kwenye benchi la Yasinta pamoja na dada mmoja anayeuza asali kwenye mabasi. Kila mmoja akatoa furushi la kadi, wakaanza kucheza. Yasinta hakuwajali. Amekwisha kuona karata za kila namna kwenye benchi lile, na ugomvi wake pia.

Upepo ukarusha kadi moja ikaangukia karibu na jiko. Akainama kuiokota isiungue, akaigeuza, akabaki ameinama hivyohivyo.

Ilikuwa kipande cha boksi kilichozungushiwa selotepu. Juu yake palichorwa ng'ombe mwenye tumbo kubwa kupita kiasi, kichwa kimegeukia kushoto, na miguu mitatu. Mitatu tu. Kona ya juu upande wa kulia ilikuwa imekatwa mapengo mawili, moja fupi, jingine refu.

"Mama, tuletee Kesho," utingo alisema, amenyoosha mkono.

"Nani?"

"Kesho. Huyo ng'ombe. Ndiyo jina lake."

Yasinta alikaa chini, palepale juu ya kuni. Jina lile hakuwa amelisikia likitamkwa tangu mwaka 1988.

Mwaka huo alikuwa na miaka kumi na moja, kijijini kwao karibu na Sepuka, binti wa Laurian aliyekuwa na ng'ombe wa kumtosha mtu aheshimike bila kuonewa wivu sana. Shuleni walikuwa wamefundishwa kuorodhesha vitu: chora, andika jina, weka namba. Wenzake walichora vikombe na majembe. Yasinta, ambaye kila alasiri alipokea zamu ya kuchunga, akaenda mbali kuliko alivyoagizwa. Alikata boksi la sabuni vipande vya ukubwa wa kiganja, akachora ng'ombe wote wa baba yake, mmoja mmoja, penseli akiikandamiza mpaka ikaacha makovu kwenye boksi. Kona ya kila kadi akaikata mapengo mawili, kwa sababu ndivyo lilivyokatwa sikio la kila ng'ombe wa nyumba yao, na ng'ombe asiye na alama utasemaje ni wako? Kisha nyuma akaandika namba, moja mpaka ishirini na tatu.

Kesho alikuwa namba saba. Alikuwa ng'ombe mzee, mchechemeaji, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila jioni alifika wa mwisho, ukadhani kweli atafika kesho. Yasinta alikuwa amebakiza mguu mmoja wa nyuma baba yake alipomwita kutoka zizini. Aliweka penseli chini akakimbia, na mguu wa nne haukuchorwa tena.

Miezi miwili baadaye ndigana iliingia. Josho la kijiji lilikuwa halina dawa, kupe walijaa masikioni mwa ng'ombe, na kila asubuhi Laurian alimkuta mwingine amelala ubavu, anahema. Walikufa kumi na tisa. Siku waliyomfukia Kesho, Laurian alisimama mbele ya majirani akasema kwa sauti ambayo Yasinta anaisikia mpaka leo, "Kuna mtu amenyoosha kidole akawahesabu ng'ombe wangu." Hakumtazama mtu. Yasinta alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, na kadi zilikuwa chini ya mkeka anaolalia, zimefungwa kwa uzi, zina namba.

Alijaribu kuzichoma mama yake alipokwenda kuteka maji. Akashindwa, kwa sababu wanne walikuwa bado hai, na hakujua moto utawafanya nini. Mtoto wa miaka kumi na moja akakaa na mauaji ya zizi zima chini ya mkeka wake kwa wiki tatu, huku anakula na baba yake sahani moja.

Aliyemwokoa bila kujua ni rafiki yake Editha. Baba yake Editha alikuwa amepata kazi reli, nao walikuwa wanahamia Itigi. Yasinta alimkabidhi furushi lile kwa namna alivyowaona wazee wakikabidhiana ng'ombe, kwa mikono miwili, bila maneno mengi. Maana huko kwao mtu haweki mali yake yote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa mbali, rafiki akanywa maziwa, na siku mwenyewe akiwataka hurudishwa wao na uzao wao. Ndama wa kwanza ni wa mwenyewe, wa pili ni wa mtunzaji.

"Nitunzie," Yasinta alimwambia. "Usimwambie mtu ni wa nani."

Editha alikuwa mtu wa masihara. "Na wakizaa?"

"Wakizaa utajua mwenyewe."

Walicheka, treni ya maisha ikamchukua kila mtu upande wake, na hawakuonana tena. Laurian hakufuga tena. Wanne waliobaki waliishia kwenye mahindi na ada, naye akalima alizeti za watu mpaka mgongo ukakataa. Alizeeka, akafiwa na mkewe, presha ya macho ikamfunga macho yote mawili. Sasa ana miaka themanini na sita na anaishi katika chumba cha nyuma ya kibanda cha Yasinta, akiilaumu chumvi ya supu na watangazaji wa redio. Kila asubuhi binti yake humpelekea uji, na kila asubuhi kuna neno analolimeza.

"Huyu mmempata wapi?" Yasinta aliuliza, bado ameishika kadi.

"Nimemchora mwenyewe, kwa kumwangalia wa dereva wangu," utingo alisema kwa fahari. "Naye alimchora kwa wa mtu wa Manyoni. Mama, wewe hujui Zizi? Watu wote wa barabarani wanacheza Zizi."

Dada wa asali akamwelekeza taratibu, kama unavyomwelekeza mgeni. Kila mtu anapeleka ng'ombe watano kisimani, kadi zikiwa zimefunikwa. Mnafunua kwa pamoja. Mwenye namba kubwa ananywa kwanza, na anaondoka na ng'ombe wa mwenzake.

"Kwa hiyo umeshaliwa," Yasinta alisema.

"Haliwi mtu, mama!" dada alisema. "Anakwenda kumtunza tu. Jina langu si hili hapa chini? Siku nikimtaka namfuata, ananipa yeye na ndama wake."

"Na Kesho?"

"Kesho ni namba saba tu. Lakini akitokea, wote wanasimama. Ananywa yeye kwanza."

"Kwa nini?"

Utingo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, si kilema?"

Yasinta aligeuka kufuta macho, akasingizia moshi. Pale kisimani kwao, Laurian alikuwa na desturi ya kuwazuia ng'ombe wote kwa fimbo mpaka wachechemeaji na wazee wanywe washibe. Majirani walimcheka kwa hilo, wakasema anawadekeza. Hakuna aliyewahi kuandika jambo lile popote. Na hapa kwenye benchi lake walikuwa wamekaa watu wawili, mmoja mzaliwa wa Kinyangiri na mwingine hata haijui Sepuka iko wapi, wanalishika kama sheria.

Aliwauliza habari zaidi mpaka wakachoka. Mwishowe utingo akampa namba ya simu. "Ukitaka historia yenyewe, mpigie mwalimu Peniel. Huyo ameifanya kama kazi."

Mwalimu Peniel alikuja Jumamosi, kwa basi, kijana mwembamba anayefundisha sekondari huko Manyoni, amebeba albamu tatu za picha za harusi. Hakuwa na picha hata moja ya harusi ndani yake. Kila ukurasa ulikuwa na ng'ombe. Alinawa, akakataa supu mpaka amalize, akafungua albamu ya kwanza juu ya meza na kuanza.

Kadi za mwanzo kabisa, alisema, zilikuwa ishirini na tatu, na alikuja nazo Itigi msichana mmoja aitwaye Editha. Hizo hazijawahi kuchezewa kisimani; watoto wa nyumba za reli walizichungulia tu na kuchora ndama wao. Hawakuwa na maboksi ya kutosha, wakaokota tiketi za treni zilizotumika, zile ndogo za karatasi ngumu, wakachora nyuma. Peniel alimwonyesha. Ng'ombe wa ukubwa wa kidole gumba, na ukigeuza unaona kituo cha kuondokea na kituo cha kufikia. Treni ikawabeba ng'ombe hao mpaka Manyoni na mbele zaidi, katika mifuko ya watoto wa wafanyakazi.

Miaka ya tisini wakahamia kwenye pakiti za sigara. Kizazi kile kilichora madume yenye pembe kubwa kuliko mwili. "Walikuwa vijana," Peniel alisema, akiwatetea. Baadaye zikaja vocha za simu za kukwangua, na hapo ndipo Zizi lilipofumuka, maana vocha zilitupwa kila mahali na zote zina ukubwa mmoja. Malori yakazichukua mpaka Singida mjini, mpaka Mkalama. Kuna mzee wa Kinyangiri ana ndama mmoja wa tiketi anayeitwa Jumatatu, wamebaki wawili tu wa aina yake duniani, ameahidiwa kondoo dume akakataa.

"Mtu mmoja mwenye steshenari aliwahi kutoa kopi mia mbili kwa mashine," Peniel aliendelea. "Wachungaji wakakaa kikao. Wakaamua ndama hazaliwi kwa mashine. Kopi zile wakapewa watoto wajifunzie."

"Wachungaji?"

"Ndivyo tunavyojiita, mama."

Yasinta alifunua kurasa kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, mikono ikiwa na mafuta ya kuku. Alimwona Asali. Alimwona Shingo Ndefu. Aliwaona ng'ombe aliowakamua na kuwazika, wamechorwa na mikono ambayo haikuwahi kuwagusa, vizazi kwa vizazi, mwingine kanenepa, mwingine kapata madoa ambayo mama yake hakuwa nayo, na bado wamegeukia kushoto alivyowageuza yeye. Alijiona mdogo sana mbele ya albamu zile, yeye aliyezianzisha. Alidhani amezika kitu, kumbe alikuwa amepanda.

Na kila moja, za tiketi, za sigara, za vocha, ilikuwa na mapengo mawili kwenye kona.

"Hii alama sijui imetoka wapi," Peniel alisema, amegusa kona ya kadi. "Nimeuliza kila mtu. Wananiambia tu kwamba isiyokatwa hivi si ng'ombe. Editha anajua. Ila kila nikimuuliza anasema ng'ombe si wake, alikabidhiwa, na aliyemkabidhi alimkataza kumtaja."

"Na nyie wote mnamchungia mtu msiyemjua?"

"Ndiyo, mama," Peniel alijibu bila aibu yoyote. Kisha akamtazama vizuri. "Je, wewe una unalolijua?"

Kutoka chumba cha nyuma Mzee Laurian alikohoa na kuuliza nani anaongea muda wote huo bila kuja kumsalimia. Yasinta akafunga albamu.

"Mimi nauza supu, mwalimu."

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kadi aliumbuliwa na machozi yake mwenyewe. Peniel hakuwa mjinga, na utingo alikuwa amemsimulia. Alirudi kwa Editha akamwambia kwamba pale Mkiwa kuna mama muuza supu aliyemlilia Kesho na kusingizia moshi. Editha alimuuliza jina lake tu.

Wiki mbili hazijaisha, Yasinta akiwa anakatakata vitunguu, mwanamke mnene alishuka kwenye basi la Itigi na begi kubwa la shangazi kaja, akasimama mbele ya kibanda bila kusema kitu. Yasinta alimtambua kwa namna alivyosimama, tumbo mbele, kama alivyosimama mstarini shuleni. Walikumbatiana mpaka supu ikamwagika jikoni.

"Nimewaleta," Editha alisema alipopata pumzi. "Wao na uzao wao, fungu lako lote. Na wachungaji wengine wako njiani na magari mawili ya Noah, kila mmoja na ndama wa kwanza aliokutunzia."

"Rudi nao."

"Nirudi nao wapi?"

"Popote. Wape watoto wako."

Editha alitua begi. "Yasinta, ng'ombe wa watu harudishwi kwa binti wakati mwenye zizi yuko hai na namsikia anakohoa humo ndani. Nakuja kumkabidhi baba yako."

Yasinta alimshika mkono akamvuta nyuma ya kibanda, kati ya kuni na banda la kuku, na pale, kwa mara ya kwanza maishani, akalisema. "Niliwahesabu."

"Najua. Nimezisoma namba zako miaka thelathini na saba."

"Alisema aliyewahesabu ndiye aliyewaua. Alisema mbele ya watu. Editha, nimemzika mama sijamwambia. Sasa mzee ana siku ngapi? Mwache afe akiwa na binti aliyemlea."

Editha hakucheka. Alimtazama kuku mmoja anayechakura. "Na mimi je?" alisema mwishowe. "Akifa kabla sijawarudisha, nitakuwa nimekaa na ng'ombe wa marehemu. Kwetu huyo anaitwa mwizi. Nimezeeka na mali yako, sikutaja jina lako hata siku moja. Leo usinifanye mwizi."

Yasinta aliuachia mkono wa mwenzake. Alinawa mikono, akajifunga khanga safi, akatangulia ndani.

Wachungaji walifika saa nane mchana, wengi kuliko chumba kinavyoruhusu. Nje upepo ulikuwa mkali, kadi zisingekaa hata dakika moja, kwa hiyo wakaingia wakivua viatu mlangoni na kuzitandaza ndani. Walitandaza kwenye jamvi, wakatandaza kitandani kwenye miguu ya mzee, kwenye dirisha, juu ya redio. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Ng'ombe wa tiketi, wa sigara, wa vocha, wa maboksi ya dawa na ya biskuti, sakafu yote ikawa imejaa, na Yasinta alisimama katikati akiogopa kusogeza mguu. Walikuwa wazuri mno. Baba yake katika ujana wake wote hakuwahi kuwa na zizi la namna ile, na wala hakuna mtu wa Sepuka aliyewahi.

"Shikamoo mzee." "Shikamoo babu." "Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba," Laurian aliitikia, uso umegeukia huku na huku. "Mbona wengi hivi? Nimekufa?"

Watu wakacheka kidogo. Yasinta alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, mwaka ule wa ndigana, kabla hawajaanza kufa, niliwachora ng'ombe wako wote kwenye maboksi. Nikawawekea namba, moja mpaka ishirini na tatu. Aliyewahesabu ni mimi."

Barabarani lori lilipiga honi, likapita. Editha alisogea akamwekea mkononi kadi ya Kesho kutoka furushi la zamani, ile yenyewe, ya boksi la sabuni. Vidole vya Laurian viliizunguka polepole mpaka kwenye kona, vikakuta pengo fupi, vikakuta pengo refu. Vikarudi tena mwanzo.

"Hii alama ni yangu," alisema.

"Ndiyo, baba. Wote wana alama yako. Wamejaa chumba kizima."

"Nani alikuambia hesabu ndiyo iliyowaua?"

Yasinta hakulitarajia swali hilo. "Wewe, baba. Siku ya Kesho. Mbele ya majirani."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Laurian aliigeuza kadi mkononi. "Waliuawa na kupe," alisema. "Nilijua siku ileile. Lakini kupe utamgombeza nini? Nilitaka mtu wa kumgombeza. Sikujua amesimama nyuma ya mama yake."

Yasinta aliweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda akalia, bila kusingizia moshi. Mzee alimpapasa kitambaa cha kichwani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaendelea kuipapasa kadi, akifuata makovu ya penseli. Ghafla akakunja uso.

"Huyu mguu mmoja uko wapi?"

"Ni Kesho, baba. Uliniita sijamaliza."

"Kesho alikuwa na miguu minne!" mzee aliwaambia watu wote, kwa ukali. "Alichechemea, lakini alikuwa nayo minne. Muandike hivyo."

Mwalimu Peniel akatoa daftari haraka, akaandika. Utingo wa lori la vitunguu, aliyekuwa amekaa mlangoni, akauliza kwa adabu kama basi wamwongeze mguu, watu wote wa barabarani wataarifiwa.

"Kisimani ananywa wa ngapi?" mzee aliuliza.

"Wa kwanza, babu. Wengine wote wanamsubiri."

Laurian alirudisha kidole pale mguu ulipokosekana. "Mwacheni alivyo," alisema.

Kisha akaomba awekwe vizuri, mgongo ukutani. Akaiweka kadi ya Kesho mapajani, akanyoosha kidole chake kirefu, akaigusa.

"Mmoja," alisema kwa sauti.

Editha aliziba mdomo kwa mkono. Mzee alinyoosha kiganja, akapewa mwingine, akaipapasa kona, akamweka juu ya mwenzake. "Wawili."

"Baba, acha. Walio hai hawahesabiwi."

"Nawahesabu mimi. Wakidhurika nitaulizwa mimi. Watatu. Nipeni, msinicheleweshe."

Wakampa. Kila mchungaji alipiga magoti kwa zamu yake, akataja jina la ng'ombe, akamweka kwenye kiganja kile, na mzee akaitafuta alama, akaikuta, akahesabu. Alipofika ishirini na tatu sauti yake ilisita, na chumba kizima kikasita naye. Halafu akanyoosha mkono tena. "Ishirini na nne," alisema, akaendelea, na kadi zikapanda mapajani, zikamwagika kitandani, wakazipanga upya, akaendelea. Alipofika mia moja na arobaini koo lilikuwa limekauka. Aliomba maji, akanywa yote, akajifuta kidevu.

"Mimi nimechoka," alimwambia binti yake, na akampa kadi. "Endelea wewe."

Yasinta aliishika kwa mikono miwili. Alimtazama Editha, akamtazama baba yake aliyekuwa ametega sikio, akanyoosha kidole.

"Mia moja arobaini na moja," alisema.